Lori Linalogoma Kuwaka Asubuhi: Dai Kipimo Kabla ya Kununua Kipuri

Kati ya Juni na Agosti, baridi ya alfajiri huwa kali kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mji wa Moshi upo takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali lango la Marangu limepita mita 1,800. Na kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Lori la ndizi linalolala huko juu likigoma kuwaka, betri huchoka na mzigo huchelewa sokoni. Mwenye lori anaweza kushauriwa anunue nozeli au pampu ya dizeli, vipuri vya gharama kubwa, kumbe hitilafu ipo kwenye kifaa kidogo: sensa ya joto la injini.

Kazi ya sensa

Injini inayoongozwa na kompyuta hutegemea sensa iliyozama katika maji ya kuipoza. Kwa taarifa hiyo, kompyuta hukadiria kiasi cha dizeli na muda wa plagi za kupashia moto, pale zilipo. Sensa ikisema injini ina nyuzi joto 80 ilhali ina 12, dizeli hupunguzwa na muda wa kupasha hufupishwa, hivyo injini huwaka kwa shida. Mshale wa joto kwenye dashibodi hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa katika baadhi ya magari huongozwa na sensa nyingine.

Kipimo cha asubuhi

1. Lori lilale usiku mzima bila kuwashwa.

2. Asubuhi, fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari na kufungua swichi bila kupiga stata. Joto la maji litakalosomwa linapaswa kukaribiana na joto la hewa ya nje.

3. Likisomeka takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa kawaida waya umekatika au soketi imeachia. Waya na soketi vikaguliwe kabla ya kubadilisha sensa.

4. Sensa ikipimwa kwa mita ya umeme, nyingi huonyesha omu 2,000 hadi 3,000 katika nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 katika nyuzi 80. Kitabu cha gari husika ndicho cha kufuatwa.

Namba zikiwa sahihi, sensa haina kosa. Uchunguzi uelekee kwenye betri, plagi, chujio na hewa iliyoingia katika mipira ya dizeli. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Haki ya mlaji

Kabla ya kukubali matengenezo, mlaji aonyeshwe namba zilizosomwa na apewe makadirio ya gharama kwa maandishi. Kazi ikikamilika, adai risiti, maelezo ya dhamana na kipuri cha zamani kilichotolewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Kumbukumbu ya namba za asubuhi, yenye tarehe na namba ya gari, itampa mlalamikaji ushahidi wa kuonyesha kama kipuri alichouziwa kilihitajika.