Nunueni Pamoja, Mwokoe Pesa

Wengi wetu hununua sukari robo robo pale dukani. Inaonekana rahisi, kumbe ndiyo ghali. Tuseme robo ni shilingi 45: kilo inafika 180. Mjini, gunia la kilo 50 likiuzwa shilingi 7,500 kwa bei ya jumla, kilo ni 150 tu.

Lakini angalieni nauli. Ukienda peke yako kuchukua kilo 5, hata kwa bei hiyo unaokoa 150, na matatu inakula 200. Hiyo ni hasara!

Sasa watu 10 wachange 780 kila mmoja, na mmoja atumwe: gunia 7,500, nauli 200, kubeba mzigo 100. Kila mtu anapata kilo 5. Kwa robo robo angelipa 900. Ameokoa 120.

Ili msigombane:
1. Pesa itolewe kabla, si deni.
2. Risiti isomwe mbele ya wote.
3. Sukari ipimwe kwa mizani, si kwa kikombe.

Ile 120 mweke siku hiyo hiyo kwa mweka hazina, iwe ya karo. Ikibaki mfukoni, itapotea. Haba na haba hujaza kibaba.