Form ya Wikendi: Glasi za Kitengela, Shanga na Mawe ya Oltepesi

Wacha nianze na kosa ambalo karibu kila msee wa Nairobi hufanya. Unaskia kuna mahali panaitwa Kitengela Glass, unadandia mathree ya Namanga Road, unashuka Kitengela mjini, unauliza boda, "Buda, kwa glasi ni wapi?" Boda anakuangalia tu. Ama anajua, na anakutajia bei ya kukupitisha vumbi lote mpaka huko mbali.

Jina ni la uwanda, si la mji. Studio zenyewe ziko upande wa Rongai, ng'ambo ya mto Mbagathi, ule mto unaofanya mpaka wa kusini wa Mbuga ya Nairobi. Wengi wetu tusio na gari tunachukua 125 mpaka Rongai, halafu boda kuelekea Maasai Lodge, halafu miguu. Na hapo kwa miguu ndipo utajua kama wewe ni jasiri, kwa sababu bonde unalivuka kwa daraja la kuning'inia. Linacheza manze. Ukiwa na beshte wa kulitingisha makusudi, muache nyumbani.

Mahali penyewe palianzishwa na Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia huko mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ilikuwa nyasi na pundamilia. Kazi ya vioo alianza mwaka wa 1981: vioo vya rangi vya madirisha, na michoro ya vipande vidogo vilivyopandwa kwa simiti. Hakuna ukuta umeachwa uchi. Benchi, njia na nyumba zote zimevalishwa vioo. Mwanawe Anselm Croze alikuja kufungua Kitengela Hot Glass hapo jirani, na hiyo ndiyo ya glasi za kupuliza, zile unaziona mezani kwa mahoteli za kishua.

Sasa, watu hucheki bei ya glasi moja ya kunywa maji wakasema hapo ni wizi. Hata mimi nilisema. "Si Gikomba napata sita kwa hiyo doh?" Halafu nikasimama nusu saa mbele ya tanuru.

Kazi iko hivi. Vioo vya madirisha vilivyovunjika vinasagwa na kuyeyushwa kwa joto la zaidi ya digrii 1,000. Fundi anaingiza bomba refu la chuma, anachota donge linalong'aa kama jua la jioni, anapuliza huku akilizungusha. Akiacha kuzungusha sekunde chache tu, linainama upande na kazi imeharibika. Kuna wa kupuliza, kuna wa kushikilia, kuna wa kufungua mlango wa tanuru. Hawabongi sana, wanaelewana kwa macho. Glasi ikishapata umbo haiwekwi mezani ipoe. Inaingizwa kwa tanuru nyingine ya kama digrii 500 hivi, na inapozwa polepole usiku kucha, kwa sababu ikipoa haraka nje hukauka kabla ya ndani, na itapasuka yenyewe hata bila kuguswa. Kwa hivyo ile glasi unaiona umeona siku mbili za watu kadhaa, na mafuta ya kuwasha tanuru. Sikununua sita. Nilinunua moja, na ndani ina viputo vya hewa. Hizo si kasoro. Ni alama kwamba kuna mtu aliipuliza.

Kitu kimoja muhimu: piga simu kabla uende uulize kama mafundi wako kwa tanuru siku hiyo. Kutembea hayo majua yote ukakute tanuru imepumzika ni maumivu.

Safari ya pili ifanye siku nyingine. Hapa unapanda 126 mpaka Kiserian, halafu mathree za kuteremka Magadi Road. Ukipita Corner Baridi, milima ya Ngong inabaki nyuma, Bonde la Ufa linafunguka mbele yako na joto linapanda kama mtu amefungua mlango wa oveni. Sweta ya asubuhi utaikunja kwa begi.

Na hapa kuna unganisho ambalo sikulijua. Barabara hii inaenda Ziwa Magadi, kunakochimbwa magadi tangu kampuni ya kwanza ianzishwe mwaka wa 1911. Magadi hayo yakichomwa yanatoa soda, na mteja mkubwa wa soda duniani ni viwanda vya vioo. Mchanga pekee unahitaji kama digrii 1,700 ndio uyeyuke. Ukitia soda, joto hilo linashuka sana. Yaani kioo cha simu yako ama chupa ya soda unayokunywa inaweza kuwa na kitu kilichotoka huko chini Kajiado.

Oltepesi ni jina la mti kwa Kimaa, ule mgunga wenye kichwa cha mwavuli. Ni kituo kidogo tu: maduka, mbuzi, vumbi. Galari yenye kuta nyeupe usitafute. Studio hapa ni kivuli. Akina mama wanakaa chini ya mti, sahani ya shanga mapajani, mikono inaenda huku stori zinaendelea.

Salamu kwanza. Kwa mama unasema "takwenya," naye anajibu "iko." Kwa mzee wa kiume ni "supa," na jibu ni "ipa." Ukifika na simu mbele kabla ya salamu, umeshapoteza. Picha huombwa, na ukiambiwa hapana, ni hapana.

Halafu aibu yangu. Nilishika kidani kipana cha shingo, nikauliza, "Mama, last price?" Akacheka. Akaniuliza, "Kijana wangu, wewe unafikiri nimekaa na hii siku ngapi?" Nikasema moja. Akanionyesha vidole vinne, na hizo ni siku kati ya kuchota maji, kupika na kukama. Nililipa ile bei ya kwanza.

Unajua shanga zenyewe si za hapa? Nyingi hutoka Ucheki. Zamani, kabla ya wafanyabiashara wa pwani kuleta shanga za kioo kutoka Ulaya, watu walitumia mbegu, udongo, mifupa na chuma. Lakini mpangilio wa rangi ni wa Kimaasai: nyekundu ya ushujaa na damu, nyeupe ya maziwa, buluu ya mbingu na mvua, kijani ya nyasi. Jumba la Louis Vuitton lilitoa nguo za wanaume za mwaka wa 2012 zenye mistari ya shuka, na dunia ikazipigia makofi. Yule mama wa chini ya mti hakupata hata ashu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kununua kwa mkono uliotengeneza si kitu kimoja na kununua kwa broka mjini, hata kama bidhaa ni ile ile.

Usirudi kabla ya kuingia Olorgesailie, hapo hapo karibu, kama kilomita 65 kutoka Nairobi. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapo miaka ya 1940, na sasa ni jumba la makumbusho la nje lililo chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Shoka za mawe zimelala pale pale zilipoangushwa, mamia kwa mamia, wewe unapita juu kwa daraja la mbao. Zingine zina umri wa karibu miaka milioni moja. Na mwaka wa 2018 wanasayansi walitangaza kwamba hapa watu walikuwa wakisaga mawe mekundu na meusi kupata rangi, kama miaka 300,000 iliyopita. Walikuwa wanapaka nini? Ngozi, miili, vifaa, hakuna ajuaye. Ila kuna mtu alikaa hapa na jiwe la kusagia, akitaka kitu chake kiwe chekundu. Mama wa kidani amekaa kilomita chache tu kutoka hapo.

Beba maji zaidi ya unavyodhani, kofia, na pesa taslimu, maana mtandao unaweza kukuangusha. Na mathree za kurudi Kiserian hupungua jioni, kwa hivyo kufikia saa tisa uwe unaangalia barabara. Mimi nilichelewa. Nilirudi nyuma ya pikapu ya mbuzi, kidani ndani ya shati ili kisitafunwe.