Fahamu: Ebo Taylor, gitaa la Ghana ndani ya Afrobeat

Ni nani?
Alikuwa mpiga gitaa, mtunzi na kiongozi wa bendi aliyezaliwa Cape Coast, Ghana, mwaka 1936. Alijulikana kwa kuchanganya hailaifu ya kwao na jazi, fanki na Afrobeat.

Alianzia wapi?
Alipiga na bendi za Stargazers na Broadway Dance Band. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikwenda London kusomea muziki, na huko akafahamiana na mwanamuziki Fela Kuti wa Nigeria. Baada ya kurudi, miaka ya 1970 alirekodi Ghana, akiwapangia muziki na wasanii wengine.

Ladha yake ni ipi?
Gitaa hurudia kifungu kifupi, kikavu, bila papara. Tarumbeta na saksafoni hujibu kwa pamoja, ngoma zikisukuma chini. Aliimba pia kwa Kifante, lugha ya kwao, na hapo ndipo hailaifu inaposikika wazi zaidi.

Mbona dunia ilichelewa kumjua?
Santuri zake nyingi zilibaki Afrika Magharibi. Mwaka 2010 mwimbaji Usher wa Marekani alitumia kipande cha wimbo wake "Heaven", na mwaka huohuo ikatoka *Love and Death*, albamu aliyoirekodi na Afrobeat Academy ya Berlin. Alikuwa na miaka 74. Kama hujawahi kumsikia, anza na hiyo.