Je, Wajua? Kinyama cha Titi na Jibu la Dakika 20

Je, wajua kwamba barafu iliwahi kushindwa mbio na kisu? Mwaka 1891, mjini Baltimore, mwanapatholojia William Welch aligandisha kinyama cha titi alicholetewa na mpasuaji William Halsted. Jibu lilipotoka, Halsted alikuwa ameshamaliza kazi.

Je, wajua kwamba mbinu iliyofaulu ilitoka Minnesota, mwaka 1905? Mpasuaji William Mayo alitaka kujua kama uvimbe ni saratani mgonjwa akiwa bado mezani. Mwanapatholojia Louis Wilson akagandisha kinyama (husimuliwa kwamba alikiweka tu nje ya dirisha, kule kwenye theluji), akakitia rangi ya buluu ya methilini na kukisoma kwa darubini.

Je, wajua kwamba siku hizi mashine ya kugandishia hukata vipande vya mikroni 5 hivi? Panga 200, utapata milimita moja.

Je, wajua kwamba titi ni mteja msumbufu wa mashine hiyo? Titi lina mafuta mengi. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri nyama nyingine zimeshakuwa ngumu, lakini mafuta bado yanateleza. Bledi huyaburuta na kipande huchanika. Lazima baridi ifike nyuzi 30 chini ya sifuri au zaidi.

Je, wajua kwamba jibu la haraka huafikiana na la mwisho katika vipimo zaidi ya 95 kwa kila 100? Ila "ndiyo" yake ni ya kuaminika kuliko "hapana" yake. Ni nadra mtu kuambiwa ana saratani ambayo hana. Kinachotokea zaidi ni seli chache kujificha kwenye sehemu ambayo haikukatwa. Tena uvimbe usiofika sentimita moja haushauriwi kugandishwa: ukiuharibu, huna kingine cha kupima.

Je, wajua kwamba barafu si lazima? Kinyama hugongwa kwenye kioo, seli zikanata, zikatiwa rangi. Madaktari Dudgeon na Patrick waliieleza njia hiyo London mwaka 1927. Kasoro yake: unaziona seli, huoni kama zimetoboa ukuta wa kifereji cha maziwa au bado zimo ndani.

Je, wajua kwamba usahihi wote huo haukumsaidia sana mwanamke mwenyewe? Kwa miongo mingi Marekani mgonjwa alitia saini, akapigwa nusu kaputi, kinyama kikagandishwa, na jibu likienda vibaya titi likaondolewa papo hapo. Alipozinduka alipapasa kifua ili ajue ana ugonjwa gani. Mwaka 1974 mwandishi wa habari Rose Kushner aligundua uvimbe titini, akakataa mpango huo: kipimo kwanza, upasuaji baadaye, na uamuzi uwe wake. Mwaka huohuo Betty Ford, mke wa Rais, alipimwa na kuondolewa titi katika usingizi mmoja. Kushner alipiga simu Ikulu kujaribu kuzuia, hakusikilizwa. Mwaka 1979 jopo la Taasisi za Taifa za Afya, naye akiwa mjumbe, lilipendekeza hatua hizo mbili zitenganishwe. Kwa maoni yangu, tatizo halikuwa barafu kukosea. Jibu la dakika 20 lilimfikia daktari tu, mwenye titi akiwa amelala.

Je, wajua kwamba leo vinyama vingi vya titi huchukuliwa kwa sindano, mgonjwa akiwa macho, vikaenda kwenye fomalini na nta? Humo ndimo hupimwa vipokezi vya estrojeni na HER2, vinavyoamua dawa. Mwongozo wa Marekani unataka kinyama kikae ndani ya fomalini saa 6 hadi 72. Kikitolewa mapema au kikisahaulika humo, majibu ya vipokezi huanza kutiliwa shaka, hata kama saratani yenyewe inaonekana wazi.