Hataza na Jina la Biashara: Somo Kutoka kwa Trekta la Ferguson

Ukikulia jirani na mashamba ya miwa kama Ruhembe, jina Massey Ferguson si geni. Ila nyuma yake kuna kesi. Harry Ferguson alibuni njia ya kufunga jembe nyuma ya trekta kwa sehemu tatu na kuliinua kwa haidroliki. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu: Ford atengeneze, yeye auze. Mwaka 1947 kampuni ya Ford ikajitoa, ikaanza kuuza yenyewe trekta lenye mfumo uleule. Ferguson akashtaki. Mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25 kwa sababu ya hataza zake. Kwa biashara aliyopoteza hakupata kitu.

Tusichanganye mambo. Hataza hulinda uvumbuzi, alama ya biashara hulinda jina. Kusajili moja hakukupi nyingine. Tanzania Bara zote zinasajiliwa BRELA: hataza miaka 10, huongezwa hadi 20, alama miaka 7, kisha kila miaka 10.

Kwa hiyo, wewe unayebuni mashine na mshkaji wako, akisema "tunaaminiana", mwambie: sawa, basi tuandikishane.