Kivu: Nyama ya ng'ombe ya kukausha na pilipili, msaada kwa nyumba isiyo na frigo, lakini moto unatangulia jua

Chakula cha kukausha si kitu kigeni kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia. Makayabo inatoka mbali na inafika ikiwa na chumvi yake, ndagala inauzwa kwa kopo, sambaza ya ziwa Kivu inaanikwa kando ya maji, na nyama ya moshi inashuka kutoka msituni. Lakini nyama ya ng'ombe, wengi wanaendelea kuinunua mbichi, nusu kilo kwa nusu kilo, na kuipika siku ile ile. Sababu inajulikana: nyumbani hakuna frigo, ao frigo iko lakini moto unakatika toka jioni mpaka asubuhi.

Kuna njia ya kuifanya nyama hiyo ilale hata wiki mbili bila frigo: kuikata vipande vyembamba, kuitia chumvi na pilipili, kisha kuikausha. Wamarekani wanaita jerky, neno lililotoka katika lugha ya Kiquechua ya milima ya Andes, ambako watu walikausha nyama zamani mbele ya Wazungu kufika. Afrika ya Kusini wanayo biltong. Wahausa wa Niger na Nigeria wanayo kilishi, ambayo inaanikwa juani, inapakwa karanga za kusaga na viungo vikali, kisha inapitishwa juu ya moto. Kwa mtu wa Kivu anayependa pilipili, kilishi ndiyo ndugu wa karibu.

Shida ni kwamba wengi wanafikiri jua, chumvi na pilipili vinatosha kuua mikrobe. Havitoshi. Pilipili inachoma ulimi wa mwenye kula, haiui mikrobe iliyo ndani ya nyama. Kukausha nako kunaondoa maji, na mikrobe bila maji haiongezeki. Lakini kutoongezeka si kufa. Tena, mikrobe ikishakaushwa polepole inazoea na kuwa ngumu kuuawa na moto unaokuja nyuma. Mwaka 1995, katika jimbo la Oregon huko Marekani, watu 11 waliugua tumbo kwa sababu ya nyama ya paa iliyokaushwa nyumbani. Haikuwa nyama iliyooza. Ilikuwa nyama ambayo haikupata moto wa kutosha.

Kwa hiyo wataalamu wa chakula wanaomba nyama ifike kwanza digri 71 ikiwa bado na maji yake, ndipo ikaushwe. Asiye na termometre anachemsha. Huku kwetu kwenye milima maji yanachemka mapema kidogo kuliko kandokando ya bahari: Goma, iliyo karibu metre 1.500 juu ya bahari, yanachemka kwenye digri 95 hivi. Hiyo inapita 71 kwa mbali, na inaua pia vibuu vya tegu, yule mnyoo wa nyama ya ng'ombe isiyoiva.

Moto huo hausaidii kitu kama nyama imetoka kwa mnyama aliyekufa peke yake. Mwezi wa nne mwaka 2025, katika mbuga la Virunga, viboko wasiopungua 50 pamoja na nyati walikufa kwa ugonjwa wa kimeta, ambao wengine wanaita antraksi, upande wa mto Ishasha na ziwa Edouard. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaushika vilevile. Mikrobe yake inajifunga kama mbegu, na mbegu hiyo inavumilia jua, chumvi na kukaushwa, na inaweza kukaa katika udongo miaka mingi. Dakika chache za kuchemsha si za kutegemea. Na anayeambukizwa wa kwanza mara nyingi si mwenye kula, ni yule aliyechuna na kukata, kupitia kidonda kidogo cha mkono. Nyama ya bei ya chini sana, inayopitishwa jioni nyumba kwa nyumba bila muhuri wa daktari wa mifugo, heri iachwe na muuzaji wake.

Nyama ikiwa ya machinjio inayojulikana, kazi yenyewe ni nyepesi. Kwa kilo mbili, mpishi anachagua paja la nyuma na kuondoa mafuta yote, kwa sababu mafuta hayakauki, yanachacha. Anakata vipande vya nusu sentimetre. Akifuata nyuzi za nyama atapata kitu cha kutafuna muda mrefu. Akikata kwa kupita nyuzi, hata mzee mwenye meno machache ataweza. Kisha anatwanga kitunguu saumu na tangawizi, anaongeza vijiko viwili vya supu vya chumvi, kijiko kimoja cha sukari ao asali, maji ya ndimu tatu, na pilipili kavu ya kusaga, kijiko kimoja ao viwili kufuatana na ujasiri wa nyumba ile. Mwenye frigo inayofanya kazi anaacha nyama ilale humo usiku mzima. Asiye nayo asipitishe saa mbili.

Nyama na viungo vyake vinaingia pamoja katika sufuria, maji kidogo yanaongezwa ili vipande vifunikwe, na yote yanachemka kwa dakika tano kamili, kuhesabu toka povu linapoanza kupanda. Nyama inageuka rangi ya majivu na haitapendeza macho kama ile ya dukani. Ndiyo bei ya kulala bila wasiwasi.

Baada ya kuchuja, vipande vinapangwa juu ya wavu bila kugusana. Wenye foru wanaiweka kwenye digri 60 hivi na mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Wenye mbabula wanainua wavu juu sana na kuacha makala machache yaliyofunikwa na majivu. Moto ukiwa mkali nyama inakauka nje na kubaki mbichi ndani. Inaomba saa sita mpaka kumi na mtu wa kugeuza. Jua peke yake ni la kutegemea kidogo huku: mvua ya Kivu haiiti mlango, nzi hawakosi, na vumbi jeusi la mawe ya volkano mtaani Goma linakaa juu ya kila kitu.

Kipande kilichokauka kikikunjwa kinapasuka nyuzi lakini hakikatiki. Kinaachwa kipoe kabisa mbele ya kufungiwa. Kesho yake, kama matone yanaonekana ndani ya chupa, yote yanarudi motoni siku ile ile. Ukungu ukionekana, hata kidogo, nyama inatupwa.

Hesabu ya mfuko nayo isemwe wazi. Kilo tatu za nyama mbichi zinatoa karibu kilo moja ya kavu, na makala nayo si bure. Anayetafuta mboga ya bei ndogo atabaki na ndagala. Nyama hii inamfaa mwenye safari ya mashua ya usiku, mwanafunzi anayepanga mbali na wazazi, familia iliyochinja kwa arusi na kubaki na paja zima, ao mkulima anayelala shambani. Inatafunwa hivihivi, ao inalowekwa nusu saa katika maji ya moto na kutiwa ndani ya sombe, bila kuongeza chumvi nyingine, na bugali pembeni.