Ile Namba ya *#62# Haimsikilizi Mtu

"Fundi, nimepiga *#62#, imeleta namba nisiyoijua. Nani anasikiliza simu zangu?"

Hakuna. Ningependa jibu liishie hapo, lakini najua haliishi, maana swali hili nakutana nalo kila ninapokwenda kufunga au kurekebisha simu za ofisi: madukani Makoroboi hapa Mwanza, kwenye kliniki, kwa madalali wa dagaa Mwaloni Kirumba, hadi nyumba za wageni za Nyegezi. Naitwa kuangalia kwa nini simu ya mapokezi haihamii kwa mhasibu. Nikishamaliza, bosi anarudisha mlango, anashusha sauti, ananionyesha skrini. Ameshaamua mwenyewe kwamba ni mke, ni mshindani wake wa biashara au ni serikali. Anachotaka kwangu ni jina tu.

Basi tuiangalie hiyo skrini. Ukipiga *#62# unauliza mtandao swali moja tu: laini hii ikiwa imezimwa au haipo hewani, simu zinazoingia zipelekwe wapi? Namba unayoletewa ndiyo jibu. Kampuni nyingi za simu huweka hapo namba ya huduma yao wenyewe, yaani sanduku la ujumbe wa sauti, au ule mtambo unaokutumia meseji ukiwasha simu kwamba fulani alikutafuta saa nane mchana. Meseji hiyo unaipenda, tena ikikosekana unalalamika. Lakini ili kampuni ijue kwamba ulitafutwa ukiwa umezima, simu ile lazima iangukie mahali fulani, na inaangukia hapo. Ukitaka kuhakikisha, mwambie mwenzako mwenye laini ya kampuni hiyohiyo apige naye *#62#. Mkiletewa namba ileile, basi mpelelezi wenu ana kazi kubwa ya kusikiliza wateja wote wa kampuni hiyo Tanzania nzima.

Wengine huanzia *#21#, ambayo inauliza kama simu zote zinaelekezwa kwingine bila sharti lolote. Hapo baadhi ya simu huleta orodha: sauti, data, faksi, SMS, kisha maneno mengine ambayo hata mimi sijamsikia mteja akiyatamka. Kila mstari umeandikwa kwamba huduma imezimwa, lakini mtu akiona tu neno SMS kwenye orodha anaanza kutetemeka, akidhani ni hesabu ya vitu alivyoibiwa. Hiyo ni orodha ya aina za huduma zilizopangwa na waliobuni mfumo wa GSM, enzi ambazo watu walitarajia kutuma faksi kwa simu ya mkononi. Faksi yako haijaibiwa. Huna faksi.

Sasa weka kodi pembeni, tumia akili ya kawaida. Simu iliyoelekezwa kwingine haiji kwako. Kama mtu angeelekeza simu zako zote kwake, simu yako isingelia hata mara moja. Wanaokupigia wangempata yeye, nawe ungekaa kutwa nzima ukishangaa leo mji umetulia. Kudaivati ni kuipeleka simu sehemu moja badala ya nyingine. Hakugawi mazungumzo masikio mawili. Mtu anayezungumza na mteja kwa dakika kumi, akakata, kisha akaniambia simu yake "imedaivatiwa kwa mtu anayesikiliza", anapingwa na hizo dakika kumi zake mwenyewe.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Tuseme umepiga kodi zote, kila kitu kimesema hakuna. Je, uko salama? Hujui. Vyombo vya dola vikiruhusiwa kisheria kusikiliza laini, kazi hiyo inafanyika ndani ya mitambo ya kampuni, na haiachi alama yoyote kwenye *#21#. Programu ya upelelezi iliyopandikizwa na mtu aliyeishika simu yako kwa dakika chache inakaa ndani ya simu yenyewe, nayo haina haja ya kuelekeza simu popote. Kwa hiyo hiki ni kipimo kinachomtia hofu mzima na kumpa mgonjwa cheti cha afya njema.

Nadhani imani hii ina chimbuko lake. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipotangaza kuzima simu bandia, nchi nzima ilijifunza *#06#. Tuliandika namba za utambulisho wa simu, IMEI, kwenye karatasi, tukazituma kwenda 15090, na tarehe 16 Juni ya mwaka huo ikawa mwisho wa simu nyingi za bei poa. Kodi ile ilikuwa ya kweli na ilitoa jibu la kweli. Kuanzia hapo, kitu chochote chenye nyota na reli kikipita kwenye kundi la WhatsApp kinapokelewa kama kimetoka kwa wataalamu.

Kipimo kikishakuwepo, dawa haichelewi. Dawa yenyewe ni ##002#, na maelekezo yake yanasema uipige mara kwa mara "kufukuza wadukuzi". Kazi ya kodi hii ni kufuta maelekezo yote ya simu kwenye laini. Yote, pamoja na yale uliyonilipa niyaweke. Nina mteja wa dagaa ambaye laini ya ofisi yake iko kwenye simu ya mezani inayotumia kadi ya simu, moja ya zile zilizojaa mjini siku hizi. Tulipanga kwamba simu isipopokelewa kwa sekunde ishirini iende kwa mtunza ghala, kwa sababu wanunuzi wake wanatoka Kongo na wanapiga wakati wowote, Jumapili ikiwemo. Haikupita muda akanipigia kwa hasira: mnunuzi amepiga wikendi nzima, hakuna aliyepokea, mzigo kachukua kwa jirani. Nikaenda, nikakuta maelekezo hayapo. Nikayaweka upya, nikajaribu, yakafanya kazi, nikaondoka. Yakapotea tena. Kumbe dada wa mapokezi, mtu mwangalifu sana na mwenye nia njema kabisa, alikuwa akiisafisha laini kila Ijumaa jioni kabla ya kufunga ofisi, kama kundi lilivyomwelekeza. Hakuna mdukuzi aliyewahi kuitia ofisi ile hasara kama hiyo dawa.

Na mbona mtu hajiulizi kwa nini namba ya *#62# hupotea akipiga ##002#? Imepotea kwa sababu umefuta huduma ya kujulishwa simu zilizokukosa. Wiki ijayo utalalamika kwamba mtandao umeharibika, siku hizi hauleti zile meseji.

Hofu yenyewe si ya leo. Almon Strowger, aliyekuwa na biashara ya mazishi huko Kansas City, Marekani, inasimuliwa kwamba alishuku waunganishaji wa simu wa mji wake wanawapeleka wateja wake kwa mshindani. Yeye hakupiga kodi. Alibuni mtambo wa kuunganisha simu bila mtu katikati, akapata hataza yake mwaka 1891. Sasa hivi mashaka kama yake yanatuletea makundi ya WhatsApp.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hatari ya kweli ipo, na wanaohangaika na *#62# ndio wanaoiingia mzimamzima. Mtu anapiga, anajitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu, anasema laini yako ina tatizo, "bonyeza **21*, kisha namba hii, kisha reli." Ukibonyeza, umempa simu zako zote kwa mkono wako. Meseji hazimfuati, kwa hiyo namba za siri zinazokuja kwa SMS zinabaki kwako. Lakini huduma kama WhatsApp zinaweza kupiga simu na kuisoma namba ya uthibitisho kwa sauti, na simu hiyo ataipokea yeye. Kwa ofisi kuna kubwa zaidi: mteja anayepiga kuuliza kama kweli mmebadili namba ya malipo atajibiwa na mtu huyohuyo, tena kwa adabu. Watanzania tumeshakomaa na "ile hela itume kwenye namba hii". Tunacheka, tunafuta. Lakini msomi yuleyule aliyecheka, akiambiwa abonyeze nyota mbili na reli, anabonyeza, kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Kodi ya kuweka namba huanza na nyota mbili. Usiipige kwa kuambiwa na mtu aliyekupigia yeye. Matapeli wakikujaribu, ujumbe wao upeleke 15040, na ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako piga *106#. Hizo ndizo kodi za kuzikariri kama lazima ukariri.

Kitu kimoja kingewapunguzia wengi taabu: kujua maelekezo ya simu yanakaa wapi. Kodi hizi za 21, 61, 62 na 67 hazikai ndani ya simu, zinakaa kwenye mtandao, zimefungwa na laini. Ndiyo maana ukibadili simu zipo, ukiipeleka kwa fundi aiflashi zipo. Zile za mtambo wa ofisi, PABX, zinakaa ndani ya mtambo, na umeme ukikatika zinalala nao. Usichanganye. Mkurugenzi mmoja alipiga *#62# mbele yangu kwenye ekstensheni ya mezani kwake akasubiri jibu la mtandao. Swali halikufika hata mtandaoni. Mtambo ulilisoma kama namba ya ndani isiyokuwepo, ukamletea mlio wa kukosea, naye akanitazama kama aliyekuwa na uhakika tangu zamani.

Sasa yale mliyopaswa kuniuliza, haraka haraka. Kuelekeza simu zote: **21*namba#. Isiyopokelewa: **61*namba**20#, ambapo hiyo 20 ni sekunde, na unaruhusiwa kuanzia 5 hadi 30 kwa kuruka tano tano. Ukiwa unaongea: **67*namba#. Ukiwa hupo hewani: **62*namba#, na hii ndiyo wafanyabiashara wa visiwani mnayoihitaji kuliko wote, maana ukiwa kwenye boti kati ya Kirumba na Ukara mteja anaambiwa hupatikani wakati kijana wako yuko mwaloni na simu mkononi. Namba ianze na +255. Reli moja mbele, mfano #61#, inasimamisha na kuihifadhi namba. Nyota moja inarudisha. Reli mbili zinafuta. Futa unachotaka kufuta, achana na 002. Kama simu ina laini mbili, angalia unapiga kwa ipi. *43# inawasha kusubirisha simu, nayo ikiwa imewashwa usitegemee 67, kwa sababu simu ya pili itasubiri badala ya kuhama. Safari ya pili ya simu, kutoka kwako kwenda ulikoielekeza, unailipia wewe, si aliyepiga.

Kwenye PABX: kuhamisha simu ni Flash (kwenye simu nyingine imeandikwa R), namba ya ekstensheni, subiri ipokelewe, mwambie mwenzako nani anamtaka, ndipo ukate. Asipopokea, bonyeza Flash tena urudi kwa mteja, umwambie ukweli. Kukata kabla hajapokea ndiko kunakozalisha wateja wanaozungushwa kutoka chumba hadi chumba. Simu ya jirani ikilia na hayupo, ivute mezani kwako. Mitambo inayotumia Asterisk kwa kawaida hutumia *8, mingine ina tarakimu zake kwenye kitabu kile mlichokitupa na boksi. Ekstensheni ikikaa kimya kutwa, angalia kwanza kama mtu hajabonyeza DND, kitufe cha usisumbue, kabla ya kuita fundi.

Umeme ukikatika mtambo unazimika, na kifaa chenye kadi ya simu kilichounganishwa nao kinazimika pia. Nunua betri ya akiba. Halafu toa kadi hiyo, iweke kwenye simu ya kawaida, piga **62* na namba ya mkononi ya mtu wa zamu, malizia na reli, rudisha kadi mahali pake. Maelekezo yako mtandaoni, kwa hiyo yatabaki, na giza likiingia mtandao utakuta kifaa hakipo hewani, utapeleka simu kwa wa zamu. Ndiyo, ni 62 ileile. Kwa laini za mezani za 028 muulize anayekuuzia huduma, zina utaratibu wao.

Ukimaliza kuweka, jaribu kwa simu ya tatu, isiwe ile uliyoelekezea. Hakikisha uliyemwelekezea hajakuelekezea na wewe, maana simu itazunguka kati yenu mpaka mtandao uikate na mteja aambiwe laini inatumika. Na laini ya ofisi iwe na salio kabla hujaniita.